Familia ya Mgonjwa Nayo Ifundishwe Kuuguza

Mgonjwa akilazwa katika kituo cha afya kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, halazwi peke yake. Anafuatana na mama yake, binti yake au dada yake, mwenye mkeka, sufuria, bidoni ya maji na makaa kidogo. Huyo ndiye atakayemwogesha, kumgeuza kitandani, kumpikia uji, kumfulia shuka na kukimbilia duka la dawa kununua sindano na seramu zilizoandikwa. Usiku ndiye anayeiangalia chupa ya seramu isije ikakauka wakati muuguzi wa zamu yuko chumba kingine. Goma wengi humwita kwa Kifaransa, garde-malade. Hapa nitamwita muuguzaji. Hana zamu, hana mshahara, na jina lake haliandikwi daftarini. Siku mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, kazi yote iliyobaki inakuwa yake. Ukihesabu saa anazotumia kando ya mgonjwa, hakuna mhudumu wa afya anayemfikia. Hata hivyo, kati ya wote wanaomgusa mgonjwa, yeye ndiye ambaye ni nadra mtu kukaa naye akamfundisha namna ya kuifanya kazi hiyo. Hoja yangu ni kwamba kosa hili linagharimu maisha, na kwamba linaweza kurekebishwa hata katika mazingira magumu kama ya Kibumba.

Kibumba iko kilomita 20 hivi kaskazini mwa Goma, katika teritori ya Nyiragongo, kati ya Hifadhi ya Virunga na mpaka wa Rwanda. Udongo wake wa volkano unazaa kabichi, karoti na viazi vinavyolisha mji, lakini mwamba wa lava haushiki maji, kwa hiyo watu hutegemea mvua ya mabatini na maji yanayoletwa kutoka mbali. Tangu 2012 eneo hili limepita mikononi mwa majeshi yanayopigana zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa 2022 maelfu walikimbilia Kanyaruchinya, karibu na Goma, wakakaa kwenye vibanda vya turubai, na Februari 2025, baada ya Goma kutekwa na waasi wa M23, kambi za kuzunguka mji zilivunjwa na watu wakarudi vijijini. Benki za Goma zilifungwa mwishoni mwa Januari mwaka huo, na fedha za Marekani, ambazo mwaka 2024 zilibeba takriban asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu ya Kongo, zilikatwa karibu wakati huohuo. Katika hali kama hiyo dawa huchelewa, mishahara huchelewa, na muuguzi mmoja hubeba kazi ya watatu. Anayebaki palepale ni muuguzaji, kwa sababu yeye hana pa kuondoka.

Aina ya maradhi nayo inasukuma kazi kuelekea nyumbani. Aliyepigwa risasi hutibiwa jeraha hospitali ya Ndosho mjini Goma, ambako Shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa limekuwa likisaidia upasuaji kwa miaka mingi, lakini kidonda na mguu uliokatwa vitatunzwa kijijini kwa miezi. Mzee aliyepooza upande mmoja kwa shinikizo la damu halali hospitalini mwaka mzima. Kongo pia ni kati ya nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu, na mtoto wa selimundu anaishi au anakufa kwa mambo ya kila siku: kunywa maji ya kutosha, kukingwa na baridi na malaria, kupelekwa kituoni homa inapoanza badala ya kungoja kesho. Mambo hayo hayaamuliwi na daktari. Yanaamuliwa na mama jikoni, saa nne usiku, akiwa na maarifa aliyo nayo.

Anayedhani kumfundisha muuguzaji ni jambo la hiari na atazame kipindupindu. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya watu kuingia India. Katika mji wa Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa akiishiwa na seramu za mishipani huku wagonjwa wamejaa sakafuni. Alichanganya chumvi, glukosi na bikaboneti kwenye maji, akayajaza kwenye mapipa, akawaambia ndugu wa wagonjwa wateke na kuwanywesha wenyewe. Katika kambi za wakati ule kipindupindu kilikuwa kikiua hadi wagonjwa 30 kwa kila 100. Kati ya waliotibiwa kwa utaratibu wake, walikufa chini ya wanne kwa kila 100. Bangladesh haikuliacha jambo hilo lipotee. Kuanzia 1980 shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha kina mama kuyatengeneza maji hayo kwa chumvi na sukari guru, na katika miaka kumi walifika kaya zaidi ya milioni 12. Malipo ya walimu hao yalitegemea kile ambacho kina mama walikikumbuka wakaguzi walipopita baadaye. Naupenda utaratibu huo kwa sababu unapima kilichobaki kichwani mwa mama, wala hauulizi ni semina ngapi zimefanyika.

Sasa turudi Kibumba. Julai 1994, kati ya wakimbizi 500,000 na 800,000 waliingia Kivu Kaskazini kutoka Rwanda, na Kibumba ikawa moja ya kambi kubwa kabisa. Maji yalisubiriwa kwa malori, na mwamba ulikuwa mgumu hata vyoo na makaburi vilishindikana kuchimbwa. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa kwenye kambi za Goma, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Wataalamu waliotoka Dhaka, Bangladesh, waliokuwa wameishi na ugonjwa huo kwa miongo, waliandika mwaka 1995 katika jarida la Lancet kwamba hata ndani ya vituo vya tiba watu walikufa kwa sababu walirudishiwa maji mwilini polepole mno, na maji ya chumvi na sukari ya kunywa yalitumika kidogo. Sisemi kwamba ndugu waliofundishwa wangaliwaokoa wote. Mahali ambapo maji yenyewe hayapo, mafunzo hayawezi kuyaleta. Lakini mgonjwa wa kipindupindu anatakiwa kunyweshwa kidogo kidogo, bila kukoma, kwa saa nyingi. Hakuna kituo popote chenye wauguzi wa kutosha kwa kazi hiyo wagonjwa wanapofika kwa mamia. Ndugu walikuwapo pale, wamekaa kando ya wagonjwa wao. Na kipindupindu hakikuondoka na wakimbizi wa 1994: Desemba 2022 kilizuka tena Kanyaruchinya, miongoni mwa watu waliotoka Kibumba na Rutshuru.

Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyowapata watu 3,470 katika Kivu Kaskazini na majimbo jirani na kuua 2,287, inaonekana kusema kinyume. Waliomuuguza mgonjwa nyumbani kwa mikono mitupu waliambukizwa, na kwa hiyo familia zilitengwa naye. Ilikuwa lazima. Ila matokeo yake yalikuwa kwamba watu waliona ndugu yao akiingia nyuma ya uzio akiwa hai na kurudi ndani ya mfuko, wasijue kilichotokea katikati. Wengi wakawaficha wagonjwa, na ugonjwa ukaendelea kusambaa majumbani. Hali ilianza kubadilika pale watoa huduma walipotafuta njia ya kuirudisha familia bila kuihatarisha. Shirika la ALIMA lilileta vyumba vyenye kuta angavu ambamo ndugu aliweza kumwona mgonjwa na kuzungumza naye. Waliopona, ambao miili yao ilikuwa na kinga, waliajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Fundisho ninalolichukua hapo ni kwamba familia ikifungiwa nje inakuwa mpinzani wa tiba, na kwamba hata katika ugonjwa hatari kama huo pamepatikana nafasi salama ya kumweka muuguzaji.

Ushahidi mwingine unatoka katika mambo yasiyo na kelele za dharura. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania juu ya watoto wachanga wenye uzito mdogo. Waliowekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa bila kungoja hali zao zitulie, walikufa kwa kiwango cha asilimia 12 katika siku 28 za kwanza. Waliotunzwa kwa utaratibu wa zamani walikufa kwa asilimia 15.7. Tofauti hiyo haikuletwa na dawa mpya. Na mama alipochoka au kuugua, mtu mwingine wa familia aliweza kumbeba mtoto badala yake, baada ya kuelekezwa. Huko Jinja, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 pamoja na shirika la TASO ulionyesha kwamba wagonjwa wa UKIMWI waliofuatiliwa nyumbani walifanya vizuri sawa na waliokuwa wakienda kliniki, wakiokoa nauli na siku za kazi. Mtu wa Kibumba anayelipa pikipiki kwenda Goma na kurudi anaelewa maana ya jambo hilo bila kuchorewa jedwali.

Taaluma ya uuguzi yenyewe imelijua jambo hili zamani. Florence Nightingale, anayetajwa katika kila chuo cha uuguzi, aliposhika kalamu mwaka 1859 kuandika kitabu chake maarufu kuhusu kuuguza, alisema wazi kwamba hakikusudiwa kuwafunza wauguzi kazi yao bali kuwapa mwanga wanawake waliokuwa na afya ya wengine mikononi mwao nyumbani. Na tangu miaka ya 1980, Lorraine Wright na Maureen Leahey wa Calgary, Kanada, wamewafundisha wauguzi kuitazama familia nzima kuwa ndiyo mgonjwa: nani anamtunza nani, nani anaamua kuhusu fedha, nani amechoka. Wakasisitiza kwamba hata dakika 15 za mazungumzo yaliyopangwa vizuri na familia zinatosha kubadili tiba. Fikra hizo ziko vitabuni, zinasomwa, zinafanyiwa mitihani. Mara nyingi hazivuki kutoka darasani kwenda wodini.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni hii: kumfundisha muuguzaji ni kumwachia mwanamke maskini mzigo wa serikali, kisha kuupamba mzigo huo kwa cheti. Wanaosema hivyo wana haki ya kusikilizwa. Duniani kulikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na pengo lililobaki la milioni 5.8 liko zaidi katika nchi zetu. Ni rahisi sana kwa wizara au mfadhili kusema kwamba familia zitajaza nafasi hiyo. Zikijaza, atakayelipa ni msichana anayetolewa shuleni ili akae na bibi aliyepooza, na mama anayeacha viazi vioze shambani. Hata sasa, katika vituo vingi vya Kongo, mgonjwa asiyemaliza kulipa huzuiwa asitoke, na muuguzaji wake huzuiwa pamoja naye, akiendelea kutafuta chakula kila siku. Lakini tuitazame hoja hiyo mpaka mwisho wake. Mzigo huo uko kichwani mwa mwanamke huyo tangu jana. Kumnyima maarifa hakuupunguzi hata kidogo. Kunaongeza tu uwezekano kwamba atafanya kazi yote hiyo na mgonjwa bado afe kwa jambo lililozuilika. Kwa hiyo nadai mambo mawili kwa pamoja: afundishwe, na gharama zake zihesabiwe. Kituo kinachomtegemea kimpe maji, sabuni, jiko na mahali pakavu pa kulala. Mafunzo yawaite na wanaume, kwa sababu kumgeuza mtu mzima aliyepooza kila saa mbili ni kazi ya misuli, na sijui mila inayomkataza mwana kumwinua baba yake.

Pia kuna ushahidi unaonipinga, na siwezi kuupita kimya. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa India ulioitwa ATTEND. Wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14 waligawanywa: kundi moja familia zake zilifundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani, jingine likaendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miezi sita, katika makundi yote mawili karibu nusu walikuwa wamekufa au bado wanategemea wengine. Mafunzo hayakuleta tofauti. Ninavyousoma utafiti huo, unaweka mpaka. Kuirudisha nguvu ya mkono uliopooza ni kazi ya mtaalamu wa viungo, na hapa Goma kituo cha Shirika la Umoja kipo kwa sababu hiyohiyo. Ndugu hawezi kugeuzwa mtaalamu kwa maelekezo ya siku chache. Mafanikio ya kipindupindu na ya watoto wachanga yalihusu vitendo vichache, vinavyoonekana, vinavyorudiwa, na ambavyo muuguzaji mwenyewe anaona matokeo yake siku hiyohiyo. Basi tumfundishe hayo, tusimtwishe mengine. Programu inayompa mama wa Kibumba kijitabu chenye mada 40 itashindwa, na itastahili kushindwa.

Wengine watasema familia ndizo zinazoleta uchafu wodini, ndizo zinazowatoa wagonjwa usiku kuwapeleka kwa waganga wa mitishamba au kwenye vyumba vya maombi. Hayo hutokea. Lakini mtu asiyejua kwa nini mtoto wake anawekewa seramu ana sababu gani ya kungoja iishe? Anayeambiwa mapema kwamba homa itashuka siku ya pili au ya tatu, na kwamba mtoto akianza kudegedega au akishindwa kunyonya amwite muuguzi mara moja, anakuwa na kitu cha kushikilia. Anayefokewa na kufukuzwa mlangoni anashikilia alichokuja nacho. Kuhusu usafi, mikono ya muuguzaji itamgusa mgonjwa tutake tusitake. Swali lililobaki ni kama kuna ndoo ya maji na sabuni pale mlangoni, na hilo ni jukumu la kituo. Vilevile karatasi ya ruhusa na ya dawa huandikwa kwa Kifaransa, na anayetakiwa kuifuata mara nyingi hakisomi. Kuandika upande wa pili mistari mitano ya Kiswahili hakuhitaji bajeti.

Yapo pia yale yanayosemwa kila mara Kivu, kwamba wakati wa vita si wakati wa mageuzi. Mimi naona kinyume chake. Watu wakikimbia, kituo kinabaki nyuma na dawa zake. Muuguzi hukimbilia upande wake. Familia na mgonjwa hukimbia pamoja. Alichojifunza muuguzaji ndicho pekee cha mfumo wa afya kinachofika naye Kanyaruchinya au kinachorudi naye Kibumba. Kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, ni maarifa yasiyoporwa njiani. Na tusisahau kwamba watu wa kufundisha wapo. Kila eneo la afya lina wale wahudumu wa kijiji tunaowaita reko, wanaotembea nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo. Goma ina vyuo vya uuguzi ambavyo wanafunzi wake hufanya mazoezi katika vituo vya pembezoni. Hakuna kinachozuia sehemu ya mazoezi hayo iwe kumfuata mgonjwa mmoja hadi nyumbani kwake na kupimwa kwa kile familia ilichoweza kufanya baada ya wiki mbili.

Nikiulizwa pa kuanzia, ningechagua wagonjwa wa aina tatu: mtoto anayeharisha, mtoto mchanga mwenye uzito mdogo, na mtu asiyeweza kujigeuza kitandani. Kwa kila mmoja vitendo havizidi vitano. Muuguzi awafundishe wauguzaji wote wa chumba kwa pamoja asubuhi, kwa nusu saa, kwa lugha wanayozungumza nyumbani, na jina la kila aliyefundishwa liandikwe kwenye faili la mgonjwa. Muuguzi aliyelemewa atasema hana nusu saa hiyo, nami namwamini. Lakini muda huo ataurudishiwa usiku, kwa mara ambazo hataitwa kwa jambo lisilo la lazima na kwa mara atakazoitwa mapema kwa jambo la kweli. Kisha kabla karatasi ya ruhusa haijatiwa sahihi, muuguzaji aonyeshe kwa mikono yake alichofundishwa: achanganye maji, ambebe mtoto mchanga kifuani, amgeuze mgonjwa na kukagua mgongo wake kama una vidonda. Akishindwa, mgonjwa abaki siku moja zaidi ili muuguzaji arudie somo. Mganga mkuu wa zoni ya afya anaweza kuuweka utaratibu huu bila kungoja barua kutoka popote, ilimradi aongeze sharti moja katika agizo lake: siku hiyo ya ziada isiingizwe kwenye deni la familia.